Wasomaji Wanauliza: Namba Kubwa, Milinganisho, na Setilaiti Zinazoonekana Kutulia

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwamba setilaiti za matangazo ya televisheni ziko mbali na uso wa Dunia kwa karibu vipenyo vitatu vya Dunia yenyewe. Kwa nini hamkuandika tu kilomita 35,786? Mimi ni mwalimu wa hisabati, na huwakataza wanafunzi wangu kusema "kama" au "karibu sawa na" pale ambapo namba kamili ipo. Naona kwamba milinganisho hupunguza usahihi.
Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, hofu yako ina msingi na nitaifikia hapo mbele, lakini naomba kwanza niutetee mlinganisho, kwa sababu kupima kwenyewe ni kulinganisha. Tunaposema kwamba chumba kina urefu wa mita nne, tunasema kwamba kipimo fulani kimewekwa kando ya ukuta wake na kimeingia mara nne. Mita nayo ilizaliwa kwa mlinganisho: wataalamu wa Ufaransa waliiweka katika miaka ya 1790 kwa kuchukua umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, kwa kufuata mstari unaopita Paris, na kuugawa sehemu milioni kumi. Ndiyo sababu mzingo wa Dunia unakaribia sana kilomita 40,000. Namba hiyo inavutia kwa sababu kipimo chenyewe kilikatwa kutoka kwenye Dunia. Tangu mwaka 1983 mita inaelezwa kwa mwendo wa mwanga, kuwa ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kilogramu, kwa upande wake, hadi mwaka 2019 ilikuwa ni tungamo la silinda moja ndogo ya platinamu na iridiamu iliyohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, na mizani iliyopimwa kwa kilogramu ilikuwa, kupitia nakala na nakala za nakala, ikiulinganisha mzigo na kipande hicho kimoja cha madini.

Linalobaki, basi, ni kuchagua vizuri kitu cha kulinganisha nacho. Namba 35,786 ni sahihi, na mtaalamu anayerusha setilaiti hawezi kufanya kazi bila kuijua. Lakini msomaji ambaye hajawahi kusafiri umbali wa namna hiyo hana mahali pa kuiweka akilini, na kama mchapaji angekosea akaandika 3,578 au 357,860, wengi wetu tungesoma na kuendelea bila kushtuka. Kazi ya mlinganisho ni kutupa mahali pa kuiweka namba. Chukua mpira wenye kipenyo cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule, uwe ndio Dunia. Kwa kipimo hicho, sentimita moja inawakilisha kilomita 425. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kitakuwa umbali usiotimia sentimita moja kutoka kwenye ngozi ya mpira. Setilaiti ya televisheni itakuwa sentimita 84 kutoka kwenye ngozi hiyo, na Mwezi utakuwa mita tisa, labda nje ya mlango wa chumba ulichomo. Mtu akishaiona picha hiyo hawezi tena kuvichanganya vitu hivi vitatu, ingawa magazeti huviita vyote kwa neno moja tu, kwamba viko "angani".

Sasa niifikie hofu yako, ambayo ni ya kweli. Mara nyingi husemwa kwamba Mwezi ni robo ya Dunia. Kwa kipenyo ni karibu kweli: Mwezi una kilomita 3,475 na Dunia ina kilomita 12,742. Kwa eneo la uso, hata hivyo, Mwezi ni kama sehemu moja ya 13. Kwa ujazo ni sehemu moja ya 49. Na kwa tungamo ni sehemu moja ya 81. Mwandishi anayesema "robo" bila kutaja ni robo ya nini amempa msomaji namba nne tofauti na kumwachia achague. Kosa jingine ni kulinganisha na kitu kisicho na kipimo kimoja. Waandishi hupenda kupima maeneo kwa viwanja vya mpira wa miguu, lakini sheria za mchezo huo huruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo uwanja mdogo kabisa unaokubalika una mita za mraba 4,050 na mkubwa kabisa unafikia 10,800. "Viwanja kumi" vya mwandishi mmoja vinaweza kuwa zaidi ya viwanja ishirini na tano vya mwingine.

Ushauri wangu kwa wanafunzi wako ni kwamba waandike namba kamili na mlinganisho kwa pamoja, kisha wampe msomaji njia ya kutoka kimoja kwenda kingine kwa hesabu. Mlinganisho usioweza kuhesabiwa ni pambo tu.

SWALI: Ndugu Mhariri, kitabu tunachotumia darasani kinafananisha setilaiti na jiwe lililofungwa kamba na kuzungushwa juu ya kichwa, na kinasema kwamba kamba hiyo ni uvutano wa Dunia. Nimeelewa hivyo, lakini mtu anayezungusha jiwe huchoka na jiwe huanguka. Je, setilaiti hupata wapi nguvu ya kuendelea, na kwa nini haianguki?
Mwanafunzi wa kidato cha nne

JIBU: Setilaiti inaanguka. Imekuwa ikianguka tangu roketi ilipoiachia, na itaendelea kuanguka hata baada ya mitambo yake kuzimika. Isichofanya ni kuifikia ardhi, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayofichwa na ule mfano wa kamba.

Isaac Newton alilieleza jambo hili kwa kumtaka msomaji afikirie mlima mrefu sana, wenye kilele kilichopita hewa yote, na mzinga uliowekwa juu yake ukielekea upeo wa macho. Ukifyatua kwa nguvu kidogo, risasi itaanguka karibu na mlima. Ukiongeza nguvu itaanguka mbali zaidi, na kadiri inavyokwenda mbali, ndivyo uso wa Dunia, kwa kuwa ni mviringo, unavyozidi kuteremka chini ya njia yake. Hesabu zake si ngumu. Karibu na ardhi, kitu kilichoachiwa huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Uso wa Dunia nao huteremka mita 4.9 hivi chini ya mstari ulionyooka kwa kila kilomita 7.9 za safari. Kwa hiyo kitu kinachokwenda mbele kilomita 7.9 kwa sekunde huanguka kwa kiasi kilekile ambacho ardhi imeteremka, na sekunde inapokwisha kimo chake ni kilekile cha mwanzo. Sekunde inayofuata hurudia jambo hilohilo.

Kwenye njia ya setilaiti za televisheni namba hubadilika, lakini kanuni haibadiliki. Setilaiti hizo ziko kilomita 42,164 kutoka kwenye kitovu cha Dunia, na huko uvutano ni kama sehemu moja ya 44 ya ule tulionao ardhini. Katika sekunde moja setilaiti husonga mbele mita 3,075, na katika sekunde hiyohiyo huanguka kuelekea Dunia sentimita 11 tu. Sentimita hizo 11 ndizo hasa zinazotakiwa ili mstari ulionyooka wa mita 3,075 ujipinde na kuwa sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 42,164. Zingekuwa pungufu, setilaiti ingejitenga na kupanda juu zaidi, zingezidi, ingeteremka. Nakuomba uirudie hesabu hiyo wewe mwenyewe: zidisha 3.075 kwa 3.075, kisha gawanya kwa mara mbili ya 42,164, nawe utapata jibu hilo kwa kilomita.

Kuhusu nguvu ya kuendelea, jibu ni kwamba haihitajiki. Anayezungusha jiwe huchoka kwa sababu hewa hulipunguza jiwe kasi, na mkono wake hulazimika kurudisha kile kilichopotea. Kwenye kimo cha kilomita 35,786 hakuna hewa ya kutosha kuzuia chochote, na uvutano wa Dunia huvuta kwa pembe mraba na mwelekeo wa safari, kwa hiyo hauongezi kasi wala hauipunguzi. Hupinda njia tu. Mwezi umekwenda hivyo kwa mabilioni ya miaka bila injini.

Mfano wa kamba una kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi. Kwa kamba ya mita moja unaweza kuzungusha jiwe polepole au haraka upendavyo, na kamba itajikaza tu zaidi. Uvutano haujikazi kwa kupenda kwako: kwa kila umbali kutoka Duniani kuna kiasi kimoja cha uvutano, na kwa hiyo kuna kasi moja tu inayoleta duara. Kitabu chako hakikukosea kutumia jiwe, kwa kuwa linaonyesha vizuri kwamba kitu kinachozunguka lazima kivutwe kuelekea katikati, lakini kingepaswa kusema kwamba kufanana kunakoma hapo. Jambo hili ndilo ufunguo wa swali linalofuata.

SWALI: Kwa nini ziwe kilomita 35,786 na si 20,000 au 50,000? Na kwa nini setilaiti hizi huwekwa juu ya ikweta tu? Nchi iliyo mbali na ikweta haiwezi kuweka ya kwake juu ya mji wake mkuu?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kimo hicho hakikuchaguliwa na mtu. Mwaka 1619 Johannes Kepler alitangaza kanuni ambayo, kwa maneno mepesi, inasema hivi: ukizidisha muda wa mzunguko kwa wenyewe, yaani mara mbili, matokeo hukua sawasawa na umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Yeye aliihesabu kwa sayari zinazolizunguka Jua, lakini inafaa pia kwa chochote kinachoizunguka Dunia, na Mwezi unatupa hesabu nzuri inayoweza kufanywa bila karatasi.

Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 27 na kidogo, kwa umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Sisi tunatafuta kitu kitakachozunguka kwa siku moja, yaani muda ulio sehemu moja ya 27. Zidisha 27 kwa 27, upate 729. Sasa tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu huleta 729: ni 9, kwa kuwa 9 mara 9 ni 81, na 81 mara 9 ni 729. Setilaiti yetu, basi, lazima iwe kwenye sehemu moja ya tisa ya umbali wa Mwezi. Gawanya 384,400 kwa 9, upate kilomita 42,711 kutoka kwenye kitovu cha Dunia. Toa nusu kipenyo cha Dunia, ambacho ni kilomita 6,378, na jibu ni kilomita 36,333 juu ya ardhi. Tumekosea kwa kilomita 547, au chini ya sehemu mbili kwa mia, na sababu yake kubwa ni kwamba tuliziacha zile saa zinazozidi siku 27. Mimi huiona hesabu hii kuwa mlinganisho bora kuliko yote niliyowahi kuitumia katika safu hii, kwa sababu haifananishi setilaiti na kitu kingine. Inaonyesha kwamba setilaiti na Mwezi hutii kanuni moja.

Kwenye kilomita 20,000 mzunguko ungekuwa wa takriban saa 12, nayo ndiyo njia ya setilaiti za kuongozea wasafiri. Kwenye 50,000 ungezidi siku moja na nusu. Ni pale tu muda wa setilaiti unapolingana na muda wa Dunia kujizungusha ndipo sisi tulio chini tunapoiona imetulia, ingawa inakwenda kilomita 11,000 kwa saa.

Muda huo, naongeza kwa usahihi, si saa 24 kamili. Dunia humaliza mzunguko mmoja kuhusiana na nyota kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Zile dakika nne zinazobaki hutumika kulifikia Jua tena, kwa kuwa Dunia imesogea kidogo katika safari yake ya mwaka. Setilaiti iliyopangiwa saa 24 kamili ingechelewa karibu digrii moja kila siku, na baada ya miezi mitatu ingekuwa robo nzima ya Dunia mbali na mahali ilipoachwa.

Kuhusu ikweta, sababu ni kwamba uvutano huvuta kuelekea kitovu cha Dunia, kwa hiyo kila duara la setilaiti lazima liwe na kitovu hichohicho. Duara linalozunguka juu ya latitudo ya kaskazini peke yake lingekuwa na kitovu chake juu ya kitovu cha Dunia, na hakuna nguvu ya kulishikilia huko. Setilaiti inayopita juu ya kaskazini lazima ipite pia juu ya kusini, na kama muda wake ni wa siku moja, kwa mtazamaji wa chini itachora angani umbo la tarakimu 8 badala ya kutulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Syncom 2 ya Marekani, iliyorushwa Julai 1963, ambayo mwezi uliofuata ilipitisha mazungumzo ya simu ya Rais Kennedy na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa. Syncom 3 ya Agosti 1964 ndiyo ya kwanza iliyotulia kweli juu ya ikweta, na ikarusha picha za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, miaka 19 tu baada ya Arthur C. Clarke kuandika, mwaka 1945, kwamba vituo vitatu kwenye duara hilo vingeweza kuihudumia Dunia karibu yote.

Kwa kuwa duara hilo ni moja tu, nafasi zake hugombewa, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ndilo husimamia ugawaji wake. Mwaka 1976 nchi kadhaa zilizo kwenye ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitangaza huko Bogotá kwamba sehemu ya duara iliyo juu ya ardhi ya nchi ni mali ya nchi hiyo. Mataifa mengine hayakulikubali dai hilo. Nchi iliyo mbali na ikweta haina hasara kubwa, kwa sababu setilaiti moja huona asilimia 42 ya uso wa Dunia. Dishi lake huinamishwa kuelekea ikweta, basi. Ni wale tu walio ng'ambo ya latitudo ya 81, karibu na ncha, ambao setilaiti hizi hujificha chini ya upeo wao.

SWALI: Mtangazaji akizungumza kwa setilaiti na mwandishi aliye nchi ya mbali, mwandishi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Je, anafikiri jibu?
Mtazamaji wa taarifa ya habari

JIBU: Huenda anafikiri, lakini hata asipofikiri utamwona amenyamaza. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, na kupanda hadi kwenye setilaiti kisha kushuka huchukua sekunde 0.24 hadi 0.28, kutegemea mahali ulipo. Swali hutumia muda huo kumfikia mwandishi na jibu hutumia muda kama huo kurudi, hivyo nusu sekunde hupotea njiani kabla hata mitambo ya studio haijaongeza ya kwake. Hakuna fundi anayeweza kuipunguza.

SWALI: Mimi ni fundi wa kufunga madishi. Nikishalielekeza dishi vizuri, linaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Je, setilaiti imetulia kabisa kiasi hicho, au kuna mtu anayeishikilia?
Fundi

JIBU: Kuna watu wanaoishikilia, ndugu yangu, na utulivu unaouona kwenye kazi yako ni matunda ya kazi yao. Hesabu zote nilizotoa hapo juu zinachukulia kwamba kuna Dunia peke yake na kwamba ni tufe kamili, na hakuna lililo kweli katika hayo mawili. Mwezi na Jua nazo huivuta setilaiti, na kama ikiachwa, njia yake huinama kutoka kwenye ikweta kwa karibu digrii moja kila mwaka. Tena ikweta yenyewe si duara safi, kwa hiyo setilaiti huburutwa polepole upande wa mashariki au magharibi, ikielekea sehemu moja kati ya mbili za utulivu: moja karibu na longitudo ya 75 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi, na nyingine karibu na 105 magharibi, juu ya Pasifiki.

Waongozaji wa ardhini huwasha injini ndogo za setilaiti mara kwa mara ili kuirudisha. Kwa kawaida huibakiza ndani ya sehemu ya kumi ya digrii, ambayo kwenye kimo kile ni eneo lenye upana wa kilomita 74 hivi. Kwa macho ya dishi lako hilo ni nukta, ilhali kwa setilaiti ni uwanja mkubwa wa kuzungukazunguka. Gharama kubwa ni ile ya kuzuia kuinama: setilaiti hulazimika kubadilisha kasi yake kwa jumla ya mita 50 hivi kwa sekunde kila mwaka, na mafuta yanayotumika kwa kazi hiyo ndiyo, mara nyingi, yanayoamua kama itahudumu miaka 12 au 15, hata kama vifaa vyake vyote vingali vizima.

Mafuta yanapokaribia kwisha, setilaiti haishushwi. Kuishusha hadi iungue hewani kungehitaji kupunguza kasi yake kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, sawa na mafuta ya kuilinda mahali pake kwa miaka 30. Badala yake hupandishwa kilomita 300 hivi juu ya wenzake na kuzimwa huko. Kupanda huko huhitaji mita 11 tu kwa sekunde, nayo ni sawa na mafuta ya kazi ya miezi isiyozidi mitatu, ambayo mwenye setilaiti hutakiwa kuyaweka akiba badala ya kuyatumia hadi tone la mwisho.